Kinga kwenye bonde la Shari: kutoka Bunia kuelekea Irumu

Ukitoka Bunia kwa barabara ya Komanda, muji unabaki nyuma haraka. Nyumba za mabati zinapungua, mikaratusi inaanza, kisha barabara inashuka polepole hadi daraja la mto Shari. Pale njo mtu wa kinga anajua siku yake itakuwa namna gani. Kama udongo wa kando ya daraja umekauka, ataenda mbali. Kama udongo unashika viatu, afazali ageuze gidoni arudi nyumbani kunywa chai.

Kuna vijana hapa Bunia wenye kupata kinga za vitesi, zile zenye pine pana ambazo zimeshatumiwa kwingine kabla ya kufika kwetu. Wanauliza kama mtu anaweza kufuata bonde la Shari hadi upande wa Irumu, kwa furaha tu na mazoezi ya mwili, bila kubeba kitu. Jibu fupi: bonde lenyewe si gumu. Ugumu uko kwenye mambo mawili mengine, matope na usalama. Na kwa yote mawili kuna watu wanaojua kuliko sisi wa mikrofoni, yaani wale wanaosukuma kinga zenye mizigo kwenye njia hiyo hiyo tangu miaka mingi. Kwa hiyo habari hii ni ya bonde, lakini kwa sehemu kubwa ni ya watu hao pia.

Mto unaotupa ziwa mgongo

Watu wengi wa Bunia wanavuka Shari bila kujiuliza maji yake yanaenda wapi. Ziwa Albert haliko mbali, liko upande wa mashariki, chini ya ile milima ya kuteremka Kasenyi. Mtu angefikiri kila mto wa hapa unakimbilia kule. Shari haifanyi hivyo. Inatoka kwenye vilima vya juu ya ziwa, inapita karibu na Bunia, inapokea Nyamukau na vijito vingine, kisha inaelekea magharibi na kuingia mto Ituri upande wa Irumu. Ituri nayo inageuka, inaingia porini, na baada ya kuungana na mto Nepoko inaitwa Aruwimi, hadi inapomwaga maji kwenye mto Congo kule Basoko.

Maana yake ni kwamba mvua inayonyesha juu ya soko la Bunia inaishia bahari ya Atlantiki. Mvua inayonyesha kilometa chache mashariki, kwenye mteremko wa ziwa, inaenda Nile na kufika Misri. Mstari unaogawa maji ya Congo na maji ya Nile unapita karibu na mlango wa nyumba zetu, na hakuna kibao chochote kinachouonyesha.

Kwa mtu wa kinga jambo hili si la darasa tu. Bunia iko kwenye urefu wa zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Albert liko kwenye mita 620 hivi. Anayeshuka upande wa Kasenyi anapoteza mita zaidi ya 600 kwenye njia fupi, na freni zake zinalia. Anayefuata Shari anashuka pia, lakini kidogo kidogo, mabega ya vilima yakiwa mbali kulia na kushoto. Hakuna jabali wala mpanda mkali wa kukata pumzi. Ndiyo maana tunasema bonde ni laini. Lakini kumbuka jambo moja: kwenda Irumu ni kushuka, kurudi Bunia ni kupanda. Mtu anayetoka asubuhi na miguu mipya anajiona ni bingwa. Saa tisa, wakati wa kurudi, ule mpanda mdogo ambao hakuuona asubuhi unakuwa mrefu.

Mto huu pia unafanya kazi. Mitambo ya umeme ya Budana iliyojengwa wakati wa Wabelgiji kwa ajili ya migodi ya zahabu ya Kilo-Moto iko juu ya Shari hii hii. Na Irumu yenyewe, ambayo leo mtu anapita kwa gari bila kusimama, ilikuwa kituo kikubwa cha utawala zamani za ukoloni, kabla Bunia haijachukua nafasi yake.

Majani, miti na mabwawa

Kutoka Bunia hadi Komanda ni kilometa 75 kwa barabara ya kitaifa namba 27. Marabo iko karibu kilometa 40 kutoka Bunia, kwa hiyo ni kama nusu ya njia. Katika kilometa hizo unaona inchi ikibadilika mbele ya macho yako, na hilo njo linalofanya bonde hili liwe zuri kwa kinga. Kwenye gari madirisha yanafungwa sababu ya vumbi. Kwa kinga unasikia harufu ya kila kitu.

Mwanzo ni majani. Vilima vya kuzunguka Bunia ni vya majani na ng'ombe, miti ni ile iliyopandwa na watu, hasa mikaratusi ya mbao na makala. Miti ya asili imebaki kando ya maji. Kila kijito kina mstari wake wa msitu mwembamba, mti mrefu hapa, mti mrefu pale, kama mtu amechora kwa kalamu ya kijani njia ambayo maji yanapita. Ukiwa juu ya kilima unaweza kusoma mito yote ya bonde kwa kuangalia miti tu. Kadiri unavyoshuka kuelekea Irumu, mistari hiyo inanenepa na kuungana, na ukikaribia Komanda pori kubwa la Ituri linaanza.

Mpaka huu wa majani na pori uliandikwa zamani. Desemba 1887 msafara wa Stanley ulitokea kwenye majani ya upande huu baada ya miezi zaidi ya mitano porini, tangu ulipotoka Yambuya mwisho wa Juni. Wengi wa wabebaji wake walikuwa Wazanzibari. Kwa hiyo Kiswahili kilishatembea kwa miguu kwenye njia hizi, kikiwa kimechoka na chenye njaa, kabla ya kinga ya kwanza kufika. Msafara ulifika Ziwa Albert tarehe 13 ya mwezi huo. Mtu akikuambia pori la Ituri ni la kutembelea kwa picha, umkumbushe hesabu hiyo ya miezi.

Katikati ya vilima, pale ambapo maji hayana haraka, kuna mabwawa. Mafunjo yanasimama juu kuliko mtu, chini yake maji meusi na udongo mweusi. Yangeyange weupe wanafuata ng'ombe pembeni, na yule ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, ambaye wazee hawapendi mtu aguse kiota chake, anakaa juu ya jiwe akingoja chura.

Mtu wa kinga analitazama bwawa kama kizuizi. Mkulima analitazama kama shamba la wakati wa kiangazi, sababu ni pale tu maji yanabaki Januari na Februari wakati vilima vimekauka. Mboga nyingi zinazoliwa Bunia wakati huo, lengalenga na shu, zinalimwa kwenye udongo wa mabwawa na kando ya vijito. Wafyatua matofali nao wanataka udongo huo huo. Bwawa ni kama sifongo: linakunywa mvua ya Oktoba na kuitoa polepole hadi kiangazi. Likikatwa mifereji, ao likipandwa mikaratusi ambayo inakunywa maji mengi, mvua inapita moja kwa moja hadi mtoni na kubomoa vidaraja vya miti njiani. Mimi si mtu wa mazingira, lakini nimepita kwenye sehemu moja ambayo zamani nilibeba kinga begani ndani ya maji hadi magoti, na kiangazi kilichopita nilipita nimekaa kwenye kiti, pine zikitoa vumbi. Kwa kinga ilikuwa rahisi. Mama aliyekuwa analima kabichi pale sikumuona tena.

Njia ya kinga haipiti katikati ya bwawa. Inazunguka, inatafuta mahali pembamba, na pale watu wameweka magogo mawili ao matatu. Usijaribu kupanda juu ya magogo ukiwa umekaa kwenye kinga, hata kama umeona kijana wa kijiji anafanya. Yule anajua gogo gani linazunguka. Shuka, weka kinga upande wa mto wa chini, wewe upande wa juu, mkono mmoja kwenye gidoni na mwingine kwenye kiti. Ukiteleza, kinga inaanguka upande wa pili, haikuangukii.

Na maji yenyewe: usisimame ndani muda mrefu, usioge, usioshe kinga ukiwa umeingia hadi kiunoni. Bilharzia iko kwetu Ituri, na konokono wanaoibeba wanapenda maji yasiyokimbia, yenye majani. Mdudu wake unaingia kupitia ngozi, hauhitaji kidonda. Ukivuka, jikaushe mara moja. Kama baada ya wiki kadhaa tumbo linauma na kwenye choo kuna damu, nenda kituo cha afya na useme wazi kwamba uliingia bwawani. Dawa yake ipo, ni vidonge vya prazikuanteli.

Kinga ya mlima na kinga ya mzigo

Kinga ya mlima, ile wengine wanaita VTT kwa Kifaransa, si kitu cha zamani sana. Ilizaliwa Marekani, California, miaka ya 1970, pale vijana walipochukua kinga za zamani nzito na kuteremka nazo milima ya vumbi kwa mashindano. Mmoja kati ya mafundi wa kwanza kuunganisha vyuma kwa ajili ya mchezo huo ni Tom Ritchey. Mwaka 1996, kwenye Olimpiki ya Atlanta, mchezo ukaingia kwenye michezo ya dunia.

Ritchey huyo huyo alifika Rwanda mwaka 2005. Kule aliona wakulima wanaobeba mizigo kwenye kinga za mbao, ndugu za chukudu yetu ya Kivu, ile iliyojengewa sanamu Goma. Mwaka uliofuata kulifanyika mashindano ambayo kinga za mbao zilikuwa na sehemu yake, na Ritchey akachora kinga ndefu ya chuma, yenye sehemu ya nyuma ya kubebea magunia ya kahawa. Kutoka kwenye kazi hiyo ilizaliwa timu ya waendesha kinga ya Rwanda, na mmoja wao, Adrien Niyonshuti, alishindana kwenye mbio za kinga za mlima Olimpiki ya London mwaka 2012. Septemba 2025 Kigali ikapokea mashindano ya dunia ya kinga za barabara, mara ya kwanza katika Afrika. Yote haya yalitokea kwa jirani, kwenye vilima vikali kuliko vyetu.

Ninaeleza hayo sababu kwetu watu wanaona kinga ya mzigo kama jambo la umaskini, na kinga ya vitesi kama jambo la wazungu. Fundi aliyesaidia kuzaa ile ya pili alikuja kujifunza kwa wenye ile ya kwanza.

Kinga inayotawala Irumu ni ya chuma, haina vitesi, ina kiti kigumu na kibebeo cha nyuma kilichoongezwa nondo na fundi wa kuchomelea. Majina yake yanajulikana: Phoenix, Hero, Roadmaster. Ni nzito, lakini kila kipande chake kinapatikana sokoni hata kwenye kijiji kidogo, na fundi wa chini ya mti anaitengeneza kwa nyundo na funguo mbili. Kinga ya vitesi ni nyepesi na inapanda vizuri, lakini ikivunjika kile kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni, hakuna wa kukusaidia kati ya Marabo na Irumu. Wengine wenye busara wanafunga vitesi viwili ao vitatu tu wanavyotumia na kuacha vingine. Pine pana zinasaidia kwenye mchanga na matope, hasa ukipunguza upepo kidogo. Usipunguze sana: kwenye mawe mpira wa ndani utatoboka.

Wanavyofanya wabebaji

Simama daraja la Shari asubuhi uangalie. Wanaotoka Irumu na Marabo wanaleta makala, ndizi, mihogo, mbao, mafuta ya mawese. Wanaotoka Bunia wanarudi na chumvi, sabuni, nguo, sukari. Wengi hawapandi kinga. Wanaisukuma. Fimbo moja imefungwa kwenye gidoni upande wa kushoto ili mkono ufike, fimbo nyingine inasimama nyuma ya kiti, na mtu anatembea kati ya hizo mbili, akielekeza kwa mkono mmoja na kusukuma kwa mwingine.

Fanya hesabu. Bidoni ya lita 20 ya mawese ina uzito wa kilo 18 hivi. Bidoni sita ni kilo 108, kinga haijahesabiwa. Huo ni uzito wa watu wazima wawili wembamba, kwenye pine mbili, kwenye udongo wenye mawimbi. Wakati wa vita ya 1999 hadi 2003, pale magari yalipopungua barabarani, mizigo mingi ya mashariki ilipita hivyo. Kisangani walifika hadi kubeba watu, ndiyo zile toleka ambazo zilikuwa teksi ya muji mzima.

Kwa mtembezi wa kinga, kuna mambo ya kujifunza kutoka kwao ambayo hayapatikani kwenye video.

La kwanza ni mstari. Barabara inaonekana pana, lakini njia ya kweli ni utepe mwembamba uliogandamizwa na pine za wabebaji, mara kushoto, mara kulia, mara nje kabisa kwenye majani. Utepe huo unang'aa kidogo. Ufuate. Ukiuona unaruka upande wa pili bila sababu, kuna sababu: mbele kuna shimo lililofunikwa na maji.

La pili ni yale mabati ya kuzuia matope juu ya pine. Wabebaji wengi wameyatoa. Udongo wa bonde hili ukilowa unajaa kati ya bati na pine hadi pine inakataa kuzunguka. Mgeni anasimama kila mita kumi kutoa matope kwa kijiti. Mwenye kinga tupu anachafuka mgongo, lakini anaenda.

La tatu ni kuteremka. Freni za fimbo za kinga za kawaida hazisimamishi kilo mia. Mbebaji anaegemea nyuma, anavuta mzigo kwa mwili wake wote, na wengine wanabana pine ya nyuma kwa soli ya kandambili ya mpira. Hawezi kusimama ghafula. Kwa hiyo, wewe mwenye kinga nyepesi na freni nzuri, ukikutana na mzigo unashuka, njia ni yake. Toka kwenye utepe, ingia kwenye majani, mwache apite. Usimpite kwa nyuma ukimpigia kengele karibu na sikio. Akigeuka mzigo unaanguka, na bidoni ya mawese ikipasuka ni kazi ya siku kadhaa imeingia kwenye udongo. Ukimkuta kwenye mpanda, weka kinga yako chini, msalimie, baba ao yaya kulingana na umri, na umsukumie hadi juu. Hakuna anayekataa. Mara nyingi njo pale juu, wakati wote wawili mnavuta pumzi, atakuambia habari za mbele ambazo ulikuwa unazihitaji.

Habari za mbele

Tufike kwenye lile la pili. Tangu Mei 2021 Ituri na Kivu ya Kaskazini ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, ile hali ya dharura iliyotangazwa na Rais. Teritware ya Irumu imeteseka kwa mikono ya makundi ya hapa hapa na ya ADF. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, watu zaidi ya 30 waliuawa Komanda, wengi wao waumini waliokuwa kwenye kanisa katoliki. Wasomaji wetu wengi wana mtu wao katika hesabu za aina hiyo. Hatuwezi kuandika kuhusu kutembea kwa kinga kwenye bonde kama vile ni matangazo ya hoteli.

Barabara inaweza kuwa tulivu mwezi mzima, kisha ikafungwa asubuhi moja. Kwa hiyo habari za kwenye ukurasa kama huu, hata zikiwa za kweli siku zinapoandikwa, si ruhusa ya kuondoka. Ruhusa inatafutwa siku ile ile, kwa watu.

Wabebaji wana namna yao ya kuuliza. Kwanza wanahesabu. Kama saa mbili asubuhi kinga za makala kutoka upande wa Marabo hazijaanza kufika, kuna jambo, na hakuna anayeondoka hadi mtu wa kwanza afike na kueleza. Pili wanaangalia wanawake wa shamba: kama akina mama wamebaki kijijini siku isiyo ya Mungu na isiyo ya msiba, njia za mashambani si nzuri. Tatu wanasimama kwa kapita. Mgeni anayepita kijiji bila kujitambulisha, na kinga isiyofanana na nyingine, na mfuko mgongoni, anaweza kuleta woga kwa watu walioshakimbia mara tatu. Dakika tano za kusalimia, kusema jina lako, mtaa wako na unakoenda, zinakulinda kuliko kofia ngumu.

Kwenye vizuizi vya askari shuka kwenye kinga kabla hujafika, tembea, toa kitambulisho, weka simu mfukoni. Usipige picha ya kizuizi, ya daraja wala ya askari. Kuhusu pesa zinazoombwa kwenye vizuizi vya kila aina, mbebaji analipa kidogo hapa na kidogo pale hadi faida ya safari inaliwa njiani. Mimi mwenyewe siku moja nilisimamishwa na kinga tupu, nikaulizwa mzigo uko wapi, na nilipojibu kwamba ninatembea tu kwa mazoezi walicheka, wakaniacha. Yule aliyekuwa nyuma yangu na makala mawili hakuachwa. Sisi wa mazoezi, habari zikiwa mbaya, tunabaki nyumbani. Yeye anaondoka hata hivyo, sababu watoto hawangoji barabara itulie.

Kwa sasa, ushauri wetu kwa anayeanza ni kubaki upande wa Bunia: kushuka hadi Shari, kufuata njia za ng'ombe na mashamba kando ya mto na watu wa eneo lile, kurudi kabla ya mchana kwisha. Ni safari ya nusu siku, ina miti, ina mabwawa, ina mpanda wa kutosha. Irumu iwe ya siku ambayo wabebaji wenyewe wanasema ni nzuri, na usiende peke yako.

Wakati wa kwenda na vya kubeba

Kiangazi kikubwa kinaanza Desemba hadi Februari. Njia zimekauka, lakini ni wakati wa kuchoma majani, moshi ni mwingi, na moto ukisukumwa na upepo unaenda haraka kuliko kinga kwenye mpanda. Ukiona moshi mbele, ngoja kwenye sehemu iliyoshaungua. Katikati ya mwaka, Juni na Julai, mvua inapungua kidogo na majani bado ni ya kijani. Kwangu ni wakati mzuri kuliko yote. Oktoba na Novemba acha bonde kwa wenye lazima.

Beba maji kutoka nyumbani, lita mbili ao tatu, kipande cha mpira wa kubandika na gundi yake, pompi, funguo ya kufungua pine, kamba ya mpira, na pesa ndogo ndogo za franka, sababu kijijini noti kubwa haina chenji. Vaa viatu vinavyofunga. Mchongoma wa kando ya njia unatoboa pine na mguu bila kuchagua.

Panga kugeuka saa sita, popote ulipo. Kutoka hapo hadi daraja ni kupanda, na jioni utepe wa njia unajaa kinga za makala zinazoharakisha kufika Shari kabla ya giza.